KH inapanda na kuporomoka kila wiki, matumbawe yanajikunyata, nisaidieni (tangi lita 240, Muscat)

binti_seeb

Assalaam alaykum wapenzi wa bahari, naomba msaada maana nshachoka kusimama mbele ya kioo na kuhuzunika. Niko Seeb hapa Muscat, tangi langu la matumbawe lina miezi kumi na moja, ukijumlisha sampu (tangi dogo la kuchujia lililo chini) na ukitoa nafasi ya mawe maji halisi ni kama lita 240. Ndani nina hama mbili (Euphyllia, tumbawe lenye vidole laini), matumbawe magumu ni montipora moja ya sahani na vipande vitatu vya akropora, na samaki watano. Matumbawe yote nimenunua dukani na vibali vyake, sijang'oa kitu baharini.

Tatizo ni hili. Kila Ijumaa napima KH (alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi) nakuta 6.8. Natia bafa (poda ya kupandisha KH) kijiko kikubwa cha chakula kilichojaa, kama nlivoelekezwa na muuzaji, usiku napima tena nakuta 9.6 nafurahi. Ijumaa ya pili ishaporomoka tena 6.8, natia tena kijiko, na hivo hivo miezi mitatu sasa. Kalsiamu nayo natia kila wiki kidogo kwa kukadiria tu. Vipimo vya jana: kalsiamu 445, magnesiamu 1140, chumvi 35, naitreti 5, fosfeti 0.04, joto 26. pH asubuhi kabla taa hazijawaka 7.75, jioni inafika 7.95 na haivuki hapo hata nifanye nini, na ndo sababu hasa ya kutia bafa, niliambiwa bafa inapandisha pH.

Akropora mbili ncha zimekuwa nyeupe, si ule weupe wa kukua, nyama imetoka kabisa unaona mfupa. Hama moja imejikunyata wiki ya pili sasa, haitoi vidole. Hita imeota ganda jeupe gumu kama lile la ndani ya birika la chai, nimelikwangua kwa kisu. Na kitu chengine, nikimimina bafa pale karibu na pampu maji yanafanya wingu jeupe kama mtu katia tone la maziwa, dakika mbili tatu linapotea.

Nyumba yetu imefungwa na AC inafanya kazi saa 24, saa hizi nje ni moto hata dirisha hatufungui. Naongeza maji ya RO (yaliyochujwa mpaka hayana chumvi) kila siku kama lita 5 yanayopotea kwa mvuke. Wapi nakosea?

kombe_la_pwani

Pole sana dada angu. Mi niko Dar, tangi langu dogo kuliko lako ila hiyo hali ya ganda kwenye hita naijua vizuri. Nikiangalia namba zako kinachonirukia machoni ni magnesiamu, 1140 iko chini, bahari yenyewe ina karibu 1300. Magnesiamu ikiwa chini kalsiamu na alkaliniti zinashikana zenyewe kwenye maji zinakuwa chokaa zinadondoka, maana kazi ya magnesiamu ni kujibandika kwenye vile vichembe vya chokaa vinapoanza kujijenga visiendelee kukua. Sa yako haipo ya kutosha, ndo maana unaona wingu.

Nunua magnesiamu kloraidi ile ya mabonge (yenye maji ndani yake), kwa lita 240 kutoka 1140 kwenda 1300 unahitaji kama gramu 320, gawa siku nne gramu 80 kila siku uyeyushe kwanza kwenye maji ya RO. Hapo KH itatulia.

mzee_maabara

Wa alaykum salaam mwanangu, pole na mtihani. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kupima maji maabara kabla sijastaafu, na tangi la bahari nimelifuga tangu watoto wangu wako shule ya msingi. Kombe ameeleza vizuri kazi ya magnesiamu na hesabu yake ya gramu ni sawa, lakini mimi nakuomba usinunue wala usitie chochote kwanza. Namba zako hizi hatujui kama ni za kweli.

Swali la kwanza, hiyo chumvi 35 umepima kwa nini na hicho chombo umekiseti kwa nini? Nauliza kwa sababu magnesiamu ni sehemu ya chumvi. Maji yakiwa mepesi kuliko unavyodhani basi magnesiamu nayo itakuwa chini kwa kiasi kile kile, na ukimwaga gramu 320 halafu baadaye ukaja kurekebisha chumvi, magnesiamu itapita ilipotakiwa.

Swali la pili, hiyo KH inashuka lini? Wewe unapima Ijumaa kwa Ijumaa, katikati hapo huoni kitu. 9.6 kwenda 6.8 ni 2.8 kwa wiki, sawa, lakini je imeshuka 0.4 kila siku kwa utaratibu, ama imeanguka nyingi siku moja halafu ikaenda polepole? Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Matumbawe yakila, yanakula kidogo kidogo kila siku, mchana zaidi ya usiku. Maji yakiganda yenyewe yanaanguka kwa pamoja mara tu baada ya dozi kubwa.

Basi fanya hivi. Ijumaa hii tia kijiko chako kama kawaida kwa mara ya mwisho, kalsiamu usitie. Halafu pima KH kila siku saa ile ile, mfano saa mbili usiku, kwa kipimo kile kile, andika kwenye daftari. Ukitumia cha matone, tazama rangi juu ya karatasi nyeupe na usibadilishe mahali pa kusimama, taa ya bluu ya tangi inadanganya macho. Ukitumia kile cha kielektroniki, kifute kichupa alama za vidole kabla hujakiingiza.

La tatu ni pH. Chukua gilasi moja ya maji ya tangi alfajiri, peleka nje kwenye roshani, weka kijiwe cha hewa kinachovuta hewa ya nje, kiache kibubujike saa nzima, rudisha ndani, acha joto lirudi kama la tangi ndipo upime pH. Halafu fanya gilasi nyingine hivyo hivyo ndani ya nyumba. Utuletee namba zote.

binti_seeb

Shikamoo mzee, ahsante sana. Chumvi napima kwa refraktomita ya kutazama kwenye mwanga, nliiseti kwa maji ya RO mpaka ikasoma sifuri. Kwani hiyo si ndo njia?

mzee_maabara

Marahaba mwanangu. Ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya chombo, lakini haitoshi. Mizani inaweza kusimama sawa ikiwa tupu, ukaiwekea gunia la mchele ikakupunja. Refraktomita ni hivyo hivyo, sifuri yake ikiwa sawa si dhamana kwamba 35 yake ni 35, na wewe unapotaka kusoma ni huko juu. Iseti kwa maji maalumu ya 35 yanayouzwa kwa kazi hiyo. Ukiyakosa tengeneza mwenyewe: chumvi ya mezani safi isiyotiwa iodini gramu 36.5, maji ya RO gramu 963.5, koroga mpaka iyeyuke yote. Hayo yanapindisha mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Upime kwa mizani ya dijito, si kwa kijiko.

matumbawe_hamburg

Niruhusuni niingie kwenye hilo la pH maana mimi limenitesa miaka miwili mizima. Dada usiikimbize pH na bafa, utaumia. Mimi niko Hamburg, huku shida ni baridi badala ya joto, lakini matokeo ni yale yale, madirisha yamefungwa wiki nzima, watu wanne ndani wanapumua, jiko linawaka, hewa ukaa inajaa. Nilinunua kile kipimo cha hewa ukaa cha kuweka mezani, sebuleni wageni wakiwepo kilisoma 1,300, nikakitoa nje kikasoma 420 na kitu. Hiyo hewa inaingia kwenye maji kupitia skima (chombo kinachotoa uchafu kwa mapovu ya hewa) na uso wa maji na inakuwa asidi. Kanuni yake ni nyepesi tu, alkaliniti ikikaa pale pale, hewa ukaa ikiwa mara mbili pH inashuka 0.3 hivi. Kwa hiyo tangi lenye KH nzuri kabisa ya 8 linaweza kusoma 7.8 ndani ya nyumba iliyofungwa, na ukalitoa nje likasoma 8.1 bila kutia kitu.

Sasa mtu asiyejua hilo anaona 7.8, anatia bafa, pH inapanda masaa machache inarudi, anatia tena, na huku KH inakwenda 10, 11. Nilikuwa hivyo hivyo. Akropora zangu ziliungua ncha kama zako, na ninachoamini kwa macho yangu ni kwamba KH ya juu kwenye maji yenye chakula kidogo (fosfeti yangu ilikuwa 0.02) inaunguza ncha haraka kuliko KH ya 7 iliyotulia.

Kilichonisaidia ni mpira wa hewa wa skima, nimeupitisha kwenye tundu la dirisha ukavuta hewa ya nje. Siku ya tatu pH ya asubuhi ilikuwa 8.0. Kwenu huko na joto la nje, hewa yenyewe ni kidogo haitapasha tangi moto, lakini vumbi weka sponji mwanzoni mwa mpira.

chaza_deira

Niko Dubai, naunga mkono hilo la mpira wa nje, ila humu kwetu ghorofa ya 14 dirisha halifunguki kabisa. Nimeweka mwani kwenye sampu na taa yake inawaka usiku tangi kuu likizimwa, mwani unavuta hewa ukaa wakati matumbawe yanaitoa. pH yangu ilikuwa inacheza 7.7 mpaka 8.1, sasa ni 7.9 mpaka 8.1. Na mwani unakula naitreti na fosfeti pia kwa hiyo angalia zisifike sifuri.

Pia dada kama umewahi kufikiria kuchota maji baharini huko kwenu acha kwanza, bahari ya Oman ina chumvi zaidi ya 36 na huku kwetu Ghuba inafika 40, lazima uyapunguze na RO kabla hujayatumia.

kombe_la_pwani

Huku Dar mi nachota, lakini na kwetu kuna hesabu yake. Wakati wa masika mito inamwaga maji baharini mpaka ukanda wa karibu unapungua chumvi, nakaa miezi hiyo na chumvi ya ndoo (ile ya bahari ya dukani ya kuchanganya na maji). Miezi mingine nachota bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, kwa mashua mbali na mdomo wa mto. KH yake inakuja karibu 7, ni maji mazuri ila matumbawe magumu yakishakuwa mengi kubadilisha maji peke yake hakutoshi, yanakula kuliko unavyoleta.

Na samahani mzee kwa kukimbilia magnesiamu, hilo la chumvi sikuliwaza.

binti_seeb

Wiki imepita, nimerudi na daftari langu. Mzee Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu.

Kwanza refraktomita. Nimetengeneza yale maji ya gramu 36.5, nimeweka matone mawili kwenye kioo, nikatazama, inasoma 38! Nimeosha nimerudia mara tatu, 38. Kwa hiyo maji yangu niliyokuwa naona 35 kumbe ni 32, na sijui kwa miezi mingapi.

KH saa mbili usiku: Ijumaa 9.6, Jumamosi 8.6, Jumapili 8.3, Jumatatu 8.0, Jumanne 7.7, Jumatano 7.4, Alkhamisi 7.1, Ijumaa 6.8.

pH: ndani ya tangi alfajiri 7.76. Gilasi ya ndani baada ya saa moja 7.80. Gilasi ya roshani 8.14. Nimekaa nikaitazama ile 8.14 kama nimeokota lulu, maji yale yale, saa moja tu ya hewa ya nje.

mzee_maabara

Umefanya kazi safi kabisa mwanangu, daftari kama hili ningelipata kazini ningefurahi.

Tazama Ijumaa kwenda Jumamosi, imeanguka 1.0 kwa siku moja. Siku zote baada ya hapo imeshuka 0.3 kila siku bila kukosea. Basi chakula cha matumbawe yako ni 0.3 kwa siku. Katika ile 1.0 ya siku ya kwanza, 0.3 ililiwa, lakini 0.7 haikuliwa na mtu, iliganda ikawa lile wingu la maziwa na lile ganda la hita. Kila wiki ulikuwa unatupa robo nzima ya bafa yako, na kalsiamu yako pamoja nayo, na matumbawe yanapigwa dafrao la 2.8 ndani ya saa chache.

Sasa hesabu. Soda ya kuokea, sodiamu baikaboneti, gramu 3 inapandisha lita 100 kwa KH 1. Tangi lako lita 240, kwa hiyo KH 1 ni gramu 7.2, na 0.3 ni gramu 2.2 kwa siku. Basi. Kile kijiko chako kilikuwa kama gramu 20 kwa mkupuo.

Kwa sababu pH yako iko chini, mimi ningeioka kwanza. Pima gramu 15.4 za wiki nzima, tandaza kwenye sinia la oveni, joto 180, saa moja. Ikitoka ipime tena, itakuwa kama gramu 9.7, ule uzito uliopotea ni maji na hewa ukaa vimetoka, na kilichobaki nguvu yake ya KH ni ile ile ila pH inapanda badala ya kushuka kidogo. Yeyusha kwenye mililita 700 za maji ya RO, kila asubuhi mimina mililita 100 polepole kwenye sampu pale maji yanapokimbia, mbali na hita. Mimina kwa bomba la sindano, hata ikuchukue dakika kumi. Ukiona wingu umeharakisha.

Chumvi: usimwage chumvi kavu. Hizo lita 5 zinazopotea kwa mvuke, badala ya RO jaza maji ya chumvi yaliyochanganywa 35. Kila siku utaingiza gramu 175, unahitaji kama 720 (gramu 3 kwa kila lita, kutoka 32 kwenda 35), kwa hiyo siku nne tu, halafu rudi kwenye RO. Tazama chumvi ya ndoo yako inachanganyika kwa KH ngapi, ziko zinazotoka 8 na ziko zinazotoka 12, za 12 zitakuharibia hesabu. Hiyo chumvi itakuletea magnesiamu kama 110 bure, kutoka 1140 utafika 1250 na hapo ni pazuri, hutanunua kitu.

Kalsiamu itapanda nayo, utafika 480 hivi. Usitie kalsiamu kabisa. KH 2.8 ikiliwa inaondoka na kalsiamu 20, kwa hiyo 0.3 yako kwa siku inaondoka na kalsiamu 2 na kidogo. Kutoka 480 mpaka 430 ni kama siku 24. Subiri.

KH ikifika 7.5 na kukaa, ongeza kwenye ile dozi ya kila siku gramu 1.2 za soda ambayo haijaokwa kwa siku tatu, utafika 8. Kaa hapo. Na mpira wa skima utoe nje kama ndugu yetu wa Hamburg alivyosema, gilasi yako ya roshani imeshatoa jibu.

kombe_la_pwani

Mzee swali kwa faida ya wengine, maana huku soda ya kuokea wengi wanaita magadi soda, mtu akienda sokoni si atauziwa magadi yale ya maharage?

mzee_maabara

Umeuliza la maana sana. Magadi ya mawe yanayotoka Ziwa Magadi au Natron yasikaribie tangi. Ni mchanganyiko wa soda mbili pamoja na chumvi nyingine na floraidi nyingi, ndiyo hiyo inayochafua meno ya watu wa sehemu zile. Mnunue sodiamu baikaboneti tupu, kwenye paketi pawe na jina hilo moja tu. Na poda ya kuokea, ile ya keki, si sawa na soda, ina asidi na wanga ndani.

chaza_deira

Na chokaa je? Nasikia watu wanatumia maji ya chokaa kwenye maji ya kujazia, yanaleta kalsiamu na KH pamoja na kupandisha pH. Bibi yangu ana chokaa ya tambuu kabatini, ni kitu kile kile au?

mzee_maabara

Kwa asili ni kitu kile kile, kalsiamu haidroksaidi, na mimi hili jambo huwa linanigusa sana. Wazee wetu wa pwani walijenga Lamu na Unguja kwa chokaa iliyotoka kwenye matumbawe, wanapanga kuni duara, juu mawe ya matumbawe, tanuu linawaka mpaka jiwe linatoa hewa ukaa yote linabaki chokaa mbichi, wanaimwagia maji inachemka yenyewe. Tumbawe lilitumia miaka kukusanya kalsiamu na kaboneti baharini, moto ukaitenganisha usiku mmoja. Wewe ukitia maji ya chokaa kwenye tangi unamrudishia tumbawe vitu vyake, na hewa ukaa iliyomo kwenye maji inakamilisha kazi.

Lakini chokaa ya tambuu hapana, wala ya kupaka ukuta. Huwezi kujua iliyomo ndani, metali gani, uchafu gani. Inunuliwe ile safi ya chakula, ya kutengenezea achari, au ya tangi yenyewe.

Kwa tangi la binti yetu, kalsiamu ikishashuka 430, gramu 1 ya chokaa kwa siku ndani ya zile lita 5 za RO inatosheleza 0.3 yake yote, KH na kalsiamu kwa pamoja, na ile soda ataiacha.

matumbawe_hamburg

Hapo kwenye chokaa naomba nisisitize kwa uchungu. Maji ya chokaa yaliyokolea yana pH zaidi ya 12. Kifaa changu cha kujaza maji chenyewe kilikwama usiku, konokono alipanda kwenye kihisio kikadhani maji yamepungua, kikamwaga ndoo nzima ya lita 20 niliyokuwa nimekoleza kadiri inavyoyeyuka, karibu gramu 1.7 kila lita. Asubuhi tangi lilikuwa jeupe kama uji, pH 9.1. Nilipoteza samaki wanne na akropora zote, hama moja tu ndo ilibaki. Kwa hiyo dada, weka gramu ulizopewa na si zaidi, chombo kiwe na maji ya siku moja mbili tu, ili hata yakimwagika yote kwa pamoja tangi lihimili. Na kiwe na mfuniko, hewa ikiingia juu inaota ukoko na chokaa inaharibika.

binti_seeb

Assalaam alaykum tena, ni wiki ya tano leo. Samahani kwa kukaa kimya, nlitaka nirudi na vipimo.

Chumvi 35 kwa refraktomita iliyosetiwa. Magnesiamu 1260. Kalsiamu ilipanda 480 kama alivosema mzee, leo ni 425 kwa hiyo imeshuka vile vile kama alivopiga hesabu, karibu kabisa. KH siku kumi na mbili mfululizo iko kati ya 7.9 na 8.1. pH asubuhi 7.98, jioni 8.2, mpira wa skima unatoka kwenye tundu la bomba la AC na nimeufunga kitambaa cha chujio mwanzoni, kila wiki nakitoa ni cheusi kwa vumbi naweka chengine.

Hita nimeikwangua mara ya mwisho wiki ya kwanza na mpaka leo ni safi, naona namba zake.

Akropora moja sikuiwahi, imekufa. Ya pili ule weupe umesimama na juu ya mfupa naona nyama inarudi, rangi ya zambarau nyembamba kama ukingo wa kanga. Na hama, jamani, juzi usiku nilikuwa napima KH, kichupa kiko mkononi, nikainua macho nikaiona imetoa vidole vyote, vinapepea na maji, vile vichwa vya kijani vinang'aa chini ya taa ya bluu. Nilimwita baba, yeye kazaliwa Unguja, kakulia baharini. Akavuta kiti akakaa pale mpaka taa zikazima zenyewe.

Kesho naanza chokaa. Nimepima gramu 1 kwa mizani ndogo ile ya sonara, ni kidogo sana, ncha ya kijiko cha chai tu. Swali langu la mwisho, naanza na gramu nzima au nusu, na soda naiacha siku hiyo hiyo?

mzee_maabara

Alhamdulillah, na pole kwa hiyo moja. Anza nusu gramu siku tatu, na soda uikate nusu, yaani mililita 50. Ukiona KH haijatoka kati ya 7.8 na 8.2, nenda gramu nzima na soda uiache. Koroga chokaa jioni kwenye RO, funika, acha itulie usiku, asubuhi utumie maji ya juu na ile mashapo ya chini uibakishe. Maji yaingie kwa matone, usiku zaidi kuliko mchana, maana usiku ndio pH iko chini. Na KH endelea kupima kila siku wiki mbili za mwanzo, baadaye mara mbili kwa wiki inatosha. Ukiona dozi ile ile haitoshi tena na KH inaanza kushuka, usishtuke, ni matumbawe yamekua yanakula zaidi, pima upya unavyojua na uongeze.